Kifuniko

Saa moja asubuhi, Rushere. Umande bado umekalia viti vya pikipiki,
mikebe ya maziwa inagongana mlangoni.
Mimi ni Katushabe, karani. Kazi yangu ni tarakimu:
nachovya kijiti, nasoma alama, naandika.
Bi Kobusingye, lita thelathini na moja.
Kesho yake ishirini na saba.
Kisha thelathini na nne.

Siku ya thelathini na nne Meneja Mugumya alitoka ofisini
na mche mzima wa sabuni. "Hongera, mama! Wengine waige!"
Keshoye ishirini na tisa, naye akanuna.
Siku ya ishirini na sita alifoka
hata mbwa wa mlinzi akahama kivuli.
Iliyofuata: thelathini na tatu.
"Umeona, Katushabe? Sifa hulemaza.
Ukali ndio unaokamua."

Sikumjibu. Nina watoto wawili na mshahara mmoja.
Ila usiku nilipindua kalenda ya mwaka jana,
nikapanga kwenye mgongo wake nukta za miezi miwili,
siku kwa nukta, kama mtu anayepanda maharage gizani.
Katikati nikavuta mstari: thelathini.
Juu, arobaini na tatu. Chini, kumi na saba.
Na humo ndani zilipanda, zikashuka,
wala hapakuwa na nukta iliyosikia kufokewa.
Ndama alikata kamba akanyonya.
Mkamuaji alikuwa na mafua.
Zilikuwa mbavu za mnyama aliyelala.
Nani humpa mtu sabuni kwa kuvuta pumzi,
akamkaripia kwa kuitoa?

Dalili ya mvua ni mawingu, tunaambiwa.
Sawa. Lakini hapa mawingu hupita kila alasiri
yakienda kuwanyeshea watu wengine.

Kalenda ina kurasa sita. Wa tatu nilimpa Nuwamanya,
mtu mpole, wastani wake arobaini na mbili.
Arobaini na moja. Arobaini na moja. Arobaini.
Arobaini na moja. Thelathini na tisa. Arobaini.
Thelathini na tisa. Thelathini na nane.
Hapo hapana hata moja ya kumtoa meneja kitini.
Lakini nane! Nane mfululizo, zote chini ya mstari,
kama sarafu iliyorushwa mara nane
ikalala kifudifudi mara nane.
Nikaweka penseli chini.

Jumapili nilikwenda kwake kwa miguu. Sikuuliza lita.
Nilishika sikio la ng'ombe, nikalikunjua:
kupe, wamebanana kama mbegu za papai.
"Nanyunyizia kila Jumanne," alisema,
"kipimo kile kile, duka lile lile."
Nikafungua chupa, nikanusa.
Ilinuka kisima.

"Kwa nini hukuniambia mapema?" aliuliza meneja.
Siku ya tatu niliona, nikanyamaza;
siku tatu si neno, na nilifanya vyema.
Siku ya nane nilikuwa na hakika.
Siku ya sita, hiyo ndiyo inayonirudia usiku:
sijui kama nilikuwa mwangalifu au mwoga.
Nilimwambia, "Nilikuwa nahesabu."
Akaitazama kalenda kwa muda mrefu,
akaigusa mbavu moja kwa kidole,
akarudi ofisini. Sabuni haikuonekana wiki ile,
wala sauti.

Leo Kobusingye kaleta lita kumi na nne.
Kumi na nne! Chini ya mstari wa chini kabisa.
Mugumya alifungua kinywa,
akanitazama, akakifunga.
"Mama," nikauliza, "kumetokea nini?"
Akaonyesha goti lenye damu, gauni lililolowa maziwa.
Pikipiki iliteleza darajani,
na kifuniko cha mkebe, jirani alikiazima tangu Ijumaa.

Nimeichora nukta mahali pake, peke yake, chini kule.
Nimeizungushia duara.
Pembeni nimeandika neno moja: *kifuniko*.
Mstari wa katikati sikuugusa.